Mwalimu Hupimwa kwa Kazi, si kwa Nasaba



Ukisoma matangazo ya kazi ya shule za lugha huko Ulaya, aghalabu utakutana na neno moja dogo lenye kufuli kubwa. Tangazo litaanza kwa kutaja saa za kazi, litataja malipo ya kila kipindi, litataja vyeti vinavyotakiwa, kisha mwishoni litasema: anatafutwa mwalimu wa Kiingereza ambaye ni mzawa wa lugha. Hapo ndipo Mkenya, Mganda na Mtanzania, hata awe na shahada mbili na uzoefu wa miaka ishirini, hufunga ukurasa akatafuta tangazo jingine.

Leo nataka tulitazame neno hilo, mzawa wa lugha, kwa makini yaleyale tunayoyatumia kutazama vina na mizani. Nina sababu mbili. Kwanza, neno hilo limenigusa mwenyewe. Pili, nimegundua kwamba hata mimi niliwahi kulitumia dhidi ya mwenzangu, na katika Kiswahili, si katika Kiingereza.

Mimi ni mwenyeji wa Mombasa. Nilisomea ualimu kwa miaka minne chuo kikuu, masomo yangu yakiwa Kiingereza na fasihi yake, nikasajiliwa na Tume ya Huduma ya Walimu, nikafundisha shule za sekondari za Kilifi na Mombasa kwa miaka tisa. Mume wangu alipopata nafasi ya masomo ya uzamivu mjini Berlin, nilifuatana naye. Kibali changu cha makazi kiliniruhusu kufanya kazi, nami sikuwa na shaka kwamba kazi ningeipata. Berlin ni mji mkubwa, shule za lugha zimejaa kila mtaa, na wanaotaka Kiingereza hawaishi.

Nilipeleka maombi kwa shule kumi na moja. Saba hazikujibu. Tatu zilijibu kwa adabu kwamba zinaajiri wazawa wa lugha tu. Ya kumi na moja iliniita. Msimamizi wake alikuwa bibi mpole, akanikaribisha chai, tukazungumza Kiingereza kwa muda wa dakika ishirini hivi, nami mara mbili tatu nikamsaidia neno lililokuwa likimponyoka. Akausifu wasifu wangu. Kisha akaniambia kwamba wateja wake hulipia mzawa, na kwamba yeye mwenyewe haoni ubaya wowote kwangu, ila biashara ni biashara. Nilikuwa nimekwisha kuinuka aliposema: "Lakini naona hapa umezaliwa Mombasa. Je, waweza kutufundishia Kiswahili? Tuna kundi la watu wanaojiandaa kwenda Tanzania."

Hakuniuliza cheti. Hakuniuliza kama nimewahi kufundisha Kiswahili hata siku moja. Ndani ya chumba kimoja, katika saa moja, nilikataliwa kwa somo nililolisomea na kulifundisha nusu ya umri wangu wa utu uzima, nikakubaliwa kwa somo ambalo sikuwa na maandalizi nalo ila kwamba mama yangu alinibembeleza kwalo. Nilikubali. Kodi ya nyumba haingoji hoja.

Wiki ya tatu, mwanafunzi mmoja, mama muuguzi aliyekuwa makini kuliko wote, akanyoosha mkono. Akasema: "Mwalimu, ulitufundisha kwamba viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa a na wa. Tunasema rafiki mzuri amefika. Tunasema ng'ombe wangu. Mbona basi hatusemi rafiki wangu, bali rafiki yangu? Na mbona mama yangu, si mama wangu?"

Ndugu zangu, nilisimama pale ubaoni na chaki mkononi, mimi niliyelelewa Kibokoni, nikampa jibu ambalo walimu wote wasio na jibu hulitoa: ndivyo tusemavyo. Yule mama aliandika kitu katika daftari lake, akanitazama, akaendelea kuandika. Alikuwa na adabu ya kutosha asiniulize tena.

Usiku ule nilikesha na vitabu vya sarufi. Ndipo nilipojifunza kueleza kwamba nomino za ngeli ya N zinazotaja watu walio karibu nasi kwa udugu au usuhuba, kama mama, baba, dada, ndugu na rafiki, huchukua upatanisho wa viumbe katika vitenzi na vivumishi vya sifa, lakini hubaki na upatanisho wa ngeli yao katika kimilikishi: rafiki yangu, rafiki zangu; ilhali wanyama wa ngeli hiyohiyo, kama ng'ombe na simba, huenda na wangu katika yote. Kanuni hiyo ilikuwa kinywani mwangu tangu utotoni, nami sikuwahi kuiona, kama mtu asivyoyaona macho yake mwenyewe. Lau yule mama angaliniuliza kwa nini Kiingereza kinatofautisha tendo lililokwisha jana na tendo ambalo athari yake ingalipo, ningalimjibu papo hapo kwa mifano mitano, maana hilo nililipata kwa jasho, nikalikosea, nikasahihishwa, nikalielewa, kisha nikalieleza kwa watoto mia tano.

Hilo ndilo fundisho langu la kwanza. Uzawa humpa mtu lugha. Haumpi elimu ya kuifundisha. Anayejua njia kwa sababu alizaliwa kijijini si lazima awe ndiye anayeweza kumwelekeza mgeni; mara nyingi mgeni wa jana humwelekeza mgeni wa leo vizuri zaidi, kwa kuwa anakumbuka ni kona gani aliyopotea.

Sasa tuulize: imani hii kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni yule aliyezaliwa nacho ilitoka wapi? Wapo wadhaniao kwamba ni ya tangu hapo, kama mvua na jua. La. Ina mwaka na mahali ilipotiwa muhuri, na mahali penyewe si London. Ni Kampala. Mwaka 1961, katika Chuo cha Makerere, ulifanyika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Mwanaisimu Robert Phillipson, katika kitabu chake *Linguistic Imperialism* cha mwaka 1992, aliichambua ripoti ya mkutano ule akaonyesha kwamba ndani yake zimo nguzo tano zilizoongoza kazi hii kwa miongo mingi: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza tu, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha, kwamba kikianzwa mapema ndivyo bora, kwamba kikizidi kufundishwa ndivyo bora, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana, kiwango cha Kiingereza kitashuka. Phillipson hakuzikubali. Aliziita imani potofu, akazijibu moja baada ya nyingine.

Mwaka uliofuata, Juni 1962, katika chuo hichohicho, walikutana waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o alihudhuria akiwa bado mwanafunzi, na miaka mingi baadaye, katika *Decolonising the Mind* cha mwaka 1986, alikumbusha kwamba yeye aliingia kwa sababu ya hadithi fupi chache za Kiingereza, ilhali Shaaban Robert, gwiji wa mashairi na nathari, hakustahili mwaliko kwa kuwa aliandika Kiswahili. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo. Tazameni basi hesabu hii: katika kilima kimoja cha Kampala, kwa muda wa miezi kumi na minane, tuliambiwa kwamba mwalimu bora wa Kiingereza si sisi, na kwamba mwandishi wa Afrika wa kuhesabiwa ni yule aandikaye lugha ambayo hatufai kuifundisha.

Huenda msomaji akasema: haya ni mambo ya lugha, kila mwenye lugha ana haki ya kuwapendelea watu wake. Ningalikubali, lau kama kipimo hicho kingalitumika kwa haki pande zote. Lakini hebu turudi Berlin, mji uleule niliokataliwa, tuwatazame Waswahili waliotutangulia huko.

Seminari ya Lugha za Mashariki ilianzishwa Berlin mwaka 1887, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa humo, maana Ujerumani ilikuwa inajitafutia makoloni Afrika Mashariki na ilihitaji maofisa wanaojua kusema na watu. Mwaka 1900 alifika hapo Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyesoma dini na mwenye kalamu nzuri. Kama uzawa ndio kipimo, yeye ndiye aliyestahili kukalia kiti kikuu. Haikuwa hivyo. Alikuwa msaidizi; alisomesha matamshi na mazungumzo, na profesa alikuwa Mjerumani, Carl Velten. Mwaka 1903 kilichapishwa kitabu *Desturi za Wasuaheli*, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro, na jina lililotangulia juu ya jalada ni la Velten. Ilipita miaka mingi hadi tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981 ikampa Mtoro heshima ya kutajwa kuwa mwandishi.

Hadithi yake haikuishia darasani. Alioa mwanamke wa Kijerumani, akataka kurudi naye nyumbani, na wakuu wa koloni wakamkataza mkewe kushuka Dar es Salaam. Wakarudi Ujerumani. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927, bila ya kuiona Bagamoyo tena.

Sasa niambieni, hiki ni kipimo gani? Kwa Kiswahili, mzawa alikuwa msaidizi na msomi wa kigeni akawa mwalimu, kwa hoja kwamba ualimu ni elimu. Kwa Kiingereza, msomi wa kigeni hafai hata kuwa msaidizi na mzawa ndiye mwalimu, kwa hoja kwamba ualimu ni uzawa. Mizani imegeuzwa juu chini, ila kiti hakikubadilisha mtu. Malenga akituletea shairi ambalo kina chake hubadilika kila apendapo, tutamwambia: ndugu, hili si shairi, rudi ukalitunge. Kwa nini tuvumilie guni katika haki?

Naelewa kwamba si kila anayetangaza kazi ana nia mbaya. Wengi wanaogopa wateja. Mteja huja akasema: nataka mwalimu wa London, nataka lafudhi ya London. Lakini mteja huyo anakwenda kusema Kiingereza na nani? Mhandisi wa Ujerumani atasema Kiingereza na mnunuzi wa Uturuki, na fundi wa Uholanzi, na mwanasheria wa Nairobi. Wanaokisema Kiingereza duniani kama lugha ya pili au ya tatu ni wengi kuliko waliozaliwa nacho. Braj Kachru alikwisha kutueleza tangu miaka ya 1980 kwamba Kiingereza kina duara la ndani, duara la nje na duara linalotanuka, na kwamba nchi kama Kenya, Nigeria na India, zilizoko katika duara la nje, zimekifanya chao, zikakiwekea sheria na fasihi. Anayemwandaa mwanafunzi kwa lafudhi moja tu ya mji mmoja anamwandaa kwa safari isiyokuwepo.

Na sheria nayo haiko upande wa tangazo lile. Mwaka 2002, Kamisheni ya Ulaya ilipoulizwa na mbunge wa Bunge la Ulaya kuhusu matangazo ya namna hii, ilijibu kwamba sharti la uzawa wa lugha halikubaliki katika sheria ya Jumuiya, na kwamba mwajiri anaweza kutaka ujuzi wa hali ya juu kabisa, si uzazi. Mwaka 2006, chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, TESOL, kilitoa tamko la kupinga ubaguzi dhidi ya walimu wasio wazawa. Matangazo yamepungua katika baadhi ya nchi. Hayajaisha. Mengine yamebadilisha maneno tu. Badala ya mzawa wa lugha, yanasema mtu mwenye pasipoti ya nchi fulani na fulani.

Hapo tumeingia mlango wa pili, nao ni wa serikali, si wa shule. Raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya anaweza kufanya kazi katika nchi yoyote mwanachama bila ya kuomba kibali. Sisi wa nje hatuna haki hiyo, na katika nchi nyingi mwajiri hutakiwa kwanza kuonyesha kwamba hakumpata mtu wa ndani anayefaa. Tangu Uingereza ilipojitoa, na kipindi cha mpito kikaisha tarehe 31 Desemba 2020, hata Mwingereza ni mgeni mjini Madrid. Anayebaki na mlango wazi ni Muairishi na Mmalta. Uingereza yenyewe ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi mtihani wa Kiingereza waombapo viza. Malta imo, ijapokuwa Wamalta wengi nyumbani husema Kimalta. Kenya, Uganda na Tanzania hazimo, ijapokuwa watoto wetu hufanya mitihani yao ya sekondari kwa Kiingereza. Silalamiki juu ya Malta. Nataka tu tuone kwamba hata hapo kinachopimwa si ulimi.

Kwa vijana wetu wanaoniandikia kuniuliza njia, nitasema niliyoyajifunza, kwa uwazi. Usiondoke nyumbani kwa ahadi ya mtu wa kati. Kibali kwanza, safari baadaye. Ujerumani ilianzisha Juni 2024 kile wanachokiita Chancenkarte, kadi ya fursa, inayompa mwenye shahada au ufundi unaotambuliwa muda wa hadi mwaka mmoja kutafuta kazi akiwa ndani ya nchi, kwa mfumo wa alama. Na sharti lake la lugha ni Kijerumani cha ngazi ya A1 au Kiingereza cha ngazi ya B2, pamoja na fedha za kujikimu. Kwa hiyo dola inakubali Kiingereza chako kikuingize nchini, hata kama shule ya mtaani haikikubali. Pata cheti cha kufundisha ambacho waajiri wa Ulaya wanakijua. Kile cha CELTA, kinachotolewa chini ya Cambridge, ni cha takriban saa 120, na ndani yake kuna saa sita za kufundisha darasa halisi mbele ya wakaguzi. Hizo saa sita zina uzito kuliko pasipoti, kwa mwajiri mwenye macho. Tafuta vyuo vya elimu ya watu wazima na kampuni zinazofundisha wafanyakazi wake, usitafute shule za mtaani pekee. Uliza kama utakuwa mwajiriwa au mwalimu wa kujitegemea, kwa maana Ujerumani mwalimu wa kujitegemea, mapato yake yakivuka kiwango kidogo, hulazimika kisheria kujilipia mwenyewe mchango wote wa pensheni, na kwa miaka ya karibuni mchango huo ni asilimia 18.6. Malipo yanayoonekana mazuri kwenye tangazo huwa madogo ukishatoa hilo. Na ukiitwa kwa mahojiano, usiende na maneno matupu. Omba kufundisha somo moja la mfano. Lugha yako ikisikika ikifanya kazi, hoja ya uzawa huishiwa pumzi.

Mimi hatimaye nilipata kazi ya Kiingereza kwa njia hiyo. Chuo kimoja cha watu wazima kiliniruhusu somo la mfano, wanafunzi wakaulizwa, wakasema abaki. Nilifundisha miaka mitatu. Na Kiswahili niliendelea nacho, safari hii nikiwa nimekisomea.

Ningeweza kuishia hapo, nikaonekana niliyedhulumiwa akashinda. Lakini wahenga walisema nyani haoni kundule, nami nimeahidi kusema ukweli.

Miaka kadhaa kabla ya kwenda Ulaya, nikiwa Kilifi, shule yetu ilikuwa inaandaa wanafunzi wa kughani mashairi ya Kiswahili katika tamasha la mkoa. Kulikuwa na mwalimu mgeni, kijana kutoka Bungoma, mwenye shahada ya Kiswahili. Alijitolea kuwafundisha watoto. Katika kikao cha walimu niliinuka, mimi mwalimu wa Kiingereza, nikasema kwa sauti ya mzaha ambayo haikuwa mzaha: "Ushairi tuwaachie wenyewe. Watoto watachukua lafudhi ya bara." Watu wakacheka. Yule kijana hakubishana. Alinitazama akasema: "Hewala, dada." Kazi akapewa jirani yetu wa Mombasa, mwenye sauti nzuri na lahaja tamu, ambaye hakuwa amesomea kufundisha.

Neno lile hewala lilinirudia Berlin, siku ile niliyoambiwa kwamba biashara ni biashara. Kijana wa Bungoma alinijibu kwa neno la pwani, la adabu, ambalo hata vijana wetu wa pwani wanalisahau. Alikwisha kuwa nalo ulimini. Mimi sikulisikia, kwa sababu nilikuwa nasikiliza anakotoka, sikuwa nasikiliza anachosema. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Nasi wa ushairi tuna deni hapa. Tukiupitisha Kiswahili katika tundu la sindano ya uzawa, tutampoteza nani? Tutampoteza Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliyetupa ngonjera. Tutampoteza Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, ambaye hata wanaompinga kwa mashairi huru hawawezi kuandika historia yetu bila yeye. Shaaban Robert mwenyewe, tunayemsimamisha mbele kila tunapotaka kujisifu, alizaliwa Vibambani, Tanga, na ukoo wake ni wa Wayao. Lau angalikuwepo mlinzi wa mlango mwenye tangazo lile mkononi, angaliwauliza baba zao ni nani, asiwaulize wanaandika nini.

Sisemi kwamba pwani haina chake. Lahaja zetu ni hazina. Kimvita, Kiamu na Kiunguja vina maneno ambayo hayapatikani kamusini, na mwenye kuyarithi ana amana ya kuyatunza. Sisemi pia kwamba lafudhi haina maana katika kughani. Sikio la malenga linajua. Nisemalo ni kwamba amana si hatimiliki. Mwenye kurithi anadaiwa kufundisha, na ili afundishe ni lazima asome. Na asiyerithi, akisoma, apewe ubao na chaki bila ya kuulizwa kwao. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifundisha Leipzig, na Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar alifundisha Bayreuth, na hao hawakuheshimiwa kwa kuzaliwa pwani tu. Waliheshimiwa kwa kuwa waliijua lugha, wakaiandika, na wakajua kuieleza.

Basi ombi langu kwenu ni dogo. Vyama vyetu vya ushairi, majopo yetu ya waamuzi, na shule zetu za Kiswahili kwa wageni, ambazo sasa zinaongezeka kila mji, viache kuuliza nani mzawa. Viulize: anajua nini, na anaweza kukieleza? Tukifanya hivyo kwetu, tutakuwa na uso wa kwenda nao Ulaya kudai vivyo hivyo. Yule kijana wa Bungoma nilimtafuta nilipokuja likizo mwaka jana. Ni mwalimu mkuu msaidizi sasa, huko kwao. Nilimwomba radhi. Akacheka, akaniambia hakumbuki. Najua anakumbuka.

Namaliza kwa beti mbili nilizozitunga kwa ajili yake:

Nilipobisha majuzi, wakaniuliza baba,
Nikaeleza ujuzi, kwao ukawa ni haba,
Waliuliza mizizi, tunda hawakulibeba,
Mwalimu hupimwa kazi, si uzawa si nasaba.

Nasi tulioko pwani, mlango tusiufunge,
Ajaye toka barani, tumpe naye atunge,
Tumpime kwa mizani, kwa kabila tusitenge,
Mwalimu hupimwa kazi, si uzawa si nasaba.